Edgar Polomé: mwalimu wa Elisabethville aliyechunguza Kiswahili cha migodini na Kiingereza cha ofisini

Mtoto wa Lubumbashi anaamka na Kiswahili nyumbani na kukaa darasani kwa Kifaransa. Akimaliza masomo na kwenda kuomba kazi kwenye kampuni ya migodi, mara nyingi anaulizwa kama anajua Kiingereza. Lugha gani inamfungulia mtu mlango gani? Swali hilo lilimshughulisha kwa miaka mingi Mbeleji mmoja aliyefundisha katika mji huu, Edgar Polomé. Alianza kulichunguza Katanga, kisha akalipeleka hadi Tanzania.

Edgar Charles Polomé alizaliwa Brussels mwaka wa 1920, katika nchi ambayo yenyewe haijapata kupumzika na ugomvi wa lugha, kati ya wanaosema Kifaransa na wanaosema Kiholanzi. Alikuwa mwanafunzi wakati Wajerumani walipoikalia Ubelgiji, na chuo kikuu huru cha Brussels kilifungwa mwaka wa 1941. Baada ya vita, mwaka wa 1949, alipata udaktari. Alijifunza lugha za kale za Ulaya, na kwa miaka kadhaa alifundisha sekondari huko Brussels.

Mwaka wa 1956 maisha yake yalibadilika. Serikali ya kikoloni ilikuwa inafungua Elisabethville, jina la Lubumbashi la wakati ule, chuo kikuu cha serikali cha Kongo ya Wabeleji na Ruanda-Urundi. Ndicho chuo ambacho leo kinajulikana kama Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU. Polomé alikuja kufundisha humo elimu ya lugha.

Alichokikuta hakikufanana na vitabu alivyozoea. Mji ulikuwa umeanzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, na wafanyakazi walitoka pande zote: Kasai, Ruanda-Urundi, nchi ya Wabemba na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kila kundi lilikuja na lugha yake. Katika kambi za Union Minière, sokoni na kwenye mitaa ya wafanyakazi, kilichowaunganisha ni Kiswahili.

Kiswahili hicho hakikuwa kile cha Zanzibar. Wakaaji walisema batoto mahali pa watoto. Mtoto mdogo aliitwa katoto, na wakiwa wengi ni tutoto. Neno iko lilibeba kazi ambayo watu wa pwani wanaigawa kwa maneno mengi. Juu yake kulikuwa na maneno ya Kifaransa yaliyotoka ofisini na maneno ya Kiingereza yaliyopanda na njia ya reli kutoka kusini. Wengi waliosoma walikidharau na kukiita Kiswahili kibovu. Polomé alikichukua kama lugha yenye kanuni zake na kuanza kuiandika.

Inafaa kukumbuka kwamba Kiingereza hakikuwa mgeni Katanga hata wakati huo. Reli iliyofika Elisabethville mwaka wa 1910 ilitoka Rhodesia, na katika miaka ya kwanza ya mji wazungu wengi walikuwa wafanyabiashara na mafundi waliosema Kiingereza. Wakubwa wa Kibeleji waliogopa kwamba jimbo lao tajiri litavutwa upande wa kusini, na hofu hiyo ilichangia kukipa Kiswahili nafasi kubwa kazini. Kwa hiyo kuchagua lugha ya kazi mjini humu lilikuwa jambo la siasa tangu mwanzo.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, na Katanga ikajitenga siku 11 baadaye, kipindi cha Polomé mjini kilikuwa kinafikia mwisho. Mwaka wa 1961 alihamia Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, Marekani, ambako alifanya kazi hadi uzeeni. Lakini Lubumbashi haikumtoka kichwani. Mwaka wa 1963 alitoa makala kuhusu lugha za Kongo. Mwaka wa 1967 kilitoka kitabu chake cha kuelezea Kiswahili kwa wageni. Mwaka wa 1968 aliandika makala mbili, moja kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi na nyingine kuhusu uchaguzi wa lugha rasmi katika Kongo. Mwaka wa 1971 aliongeza nyingine juu ya namna wakaaji wa Lubumbashi wanavyoishi na lugha nyingi kwa wakati mmoja.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kazi kubwa. Kwa msaada wa shirika la Ford la Marekani, wataalamu walianza kuchunguza jinsi lugha zinavyotumiwa na kufundishwa katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Polomé alipewa kuongoza kundi la Tanzania, na kazi hiyo ilifanyika mwaka wa 1969 na 1970.

Ulikuwa wakati mzuri wa kuangalia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1967 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba shughuli zake zitafanywa kwa Kiswahili, na shule za msingi nazo zikashika lugha hiyo. Lakini sekondari na chuo kikuu vilibaki na Kiingereza. Katika mahakama za mwanzo raia alijitetea kwa Kiswahili, ila kesi ikipanda hadi Mahakama Kuu, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi mmoja aliweza kupita lugha tatu kwa siku moja: ya kabila lake nyumbani, Kiswahili barabarani, Kiingereza kwenye karatasi za ofisi.

Kundi la Polomé lilitaka kujua mambo hayo kwa kuangalia, si kwa kukisia. Nani anasema nini, na nani, wapi, na kwa sababu gani? Mwalimu akitoka darasani anaongea lugha gani na mwalimu mwenzake? Mfanyakazi akimwandikia mkubwa wake anatumia lugha ipi, na akimsalimia mlangoni ni ipi?

Uchunguzi wa namna hii una mtego wake. Ukimuuliza mtu lugha anayotumia, huenda akakutajia ile inayompa heshima na kuiacha ile iliyo mdomoni mwake kila siku. Aliyesoma kidogo anaweza kudai Kiingereza asichonacho. Kwa hiyo majibu ya karatasi peke yake hayatoshi, ni lazima mchunguzi asikilize pia watu wanapoongea.

Matokeo yalikusanywa katika kitabu juu ya lugha za Tanzania, ambacho Polomé alikihariri pamoja na C. P. Hill. Kilichapishwa mwaka wa 1980, miaka kumi baada ya kazi yenyewe. Kenya na Uganda zilikuwa zimepata vitabu vyao mapema zaidi. Kuchelewa huko kulikuwa na bei, kwa sababu mtoto aliyeanza shule ya msingi wakati wa uchunguzi alikuwa tayari amekuwa mtu mzima. Hata hivyo, waliokuja baadaye kubishana kama sekondari za Tanzania zibaki na Kiingereza walikuwa na pa kuanzia.

Kazi ya Polomé haikukosa wapinzani. Alikieleza Kiswahili cha Lubumbashi kama lugha iliyozaliwa upya kutokana na mchanganyiko wa watu wa migodini. Johannes Fabian, ambaye naye alifundisha Lubumbashi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kwamba hadithi ni ndefu zaidi. Alisema kwamba utawala wa kikoloni nao ulikuwa na mkono katika kueneza na kupima lugha hiyo. Polomé mwenyewe alikuwa amekuja Katanga kama mwalimu wa chuo cha wakoloni, na hilo haliwezi kufutwa katika maisha yake.

Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi kwa lugha na dini za kale za Ulaya, kazi aliyoianza kabla ya kuiona Afrika. Alifariki Austin mwezi wa tatu mwaka wa 2000, akiwa na miaka 79.

Tangu hapo Kongo imeandika katika katiba ya mwaka wa 2006 kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Mwaka wa 2022 iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa mwaka wa 1999 uliandikwa na Kiingereza kama lugha rasmi. Malori yanapanga mstari Kasumbalesa, na dereva anayevuka kwenda Zambia anakuta karatasi za upande wa pili zimeandikwa kwa Kiingereza. Bado wapo wanaobishana kuhusu lugha ya shule na ya kazi bila kuhesabu kwanza nani anatumia ipi na wapi. Polomé alianza na hesabu hiyo, katika mji ambao wasomi wake waliona haya kwa lugha iliyokuwa inaulisha.