Seyyid Said bin Sultan: Mtoto wa Samail aliyeifungua Zanzibar kwa biashara ya dunia

Siku ya Ijumaa, katika nyumba nyingi za Azaiba, pilau haliwi pilau mpaka litiwe karafuu. Watoto wetu harufu wanaijua vizuri. Wasichokijua wengi wao ni kwamba mkarafuu si mti wa asili wa Zanzibar, na kwamba mtu aliyeufanya uwe tegemeo la nchi ile alizaliwa hapa hapa Omani, Samail, mwendo wa kama saa moja kwa gari ukitoka Azaiba kuelekea bara.

Seyyid Said bin Sultan alizaliwa mwaka 1791. Baba yake, Seyyid Sultan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1804 akiwa safarini baharini. Miaka miwili baadaye, baada ya mvutano mkali ndani ya ukoo ulioishia kwa kuuawa binamu yake Badr bin Saif, Said akashika madaraka. Alikuwa kijana wa miaka 15 tu, na akatawala kwa miaka 50.

Maskati ya siku hizo haikuwa na mafuta. Ilikuwa na tende, samaki wakavu, majahazi na bandari nzuri, basi. Ushuru wa bandari ndio uliokuwa ukiendesha serikali. Said aliliona hilo mapema: nchi ndogo, isiyo na watu wengi wala ardhi yenye rutuba nyingi, riziki yake iko baharini. Akageuza macho Afrika Mashariki, ambako Waomani walikuwa na mamlaka na jamaa tangu karne ya 17.

Alifika Unguja mwenyewe mwaka 1828, akajenga jumba lake Mtoni, ufukweni. Mwaka 1837 Mamazrui wa Mombasa nao wakashindwa baada ya vita vya miaka. Kufikia mwaka 1840 Unguja ndiyo iliyokuwa makao yake makuu, ingawa Maskati hakuiacha mkono.

Sasa tazama alivyoendesha biashara. Mwaka 1833 alifika Maskati mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, wakatiliana saini mkataba. Mfanyabiashara wa Kimarekani akawa na ruhusa ya kuuza na kununua katika bandari za Seyyid, na ushuru wake ukawekwa asilimia 5 ya bidhaa anazoteremsha. Jambo lenyewe linaonekana dogo, lakini maana yake kubwa. Mtu wa Salem, huko Massachusetts, kabla hajapakia shehena yake, alijua atalipa nini akifika Unguja. Waingereza wakafuata kwa mkataba wa mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844.

Merikebu za Salem zilileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pembe zilitoka bara, zikibebwa mabegani mwa watu kupitia Tabora, na nyingine zikawa funguo za piano Marekani.

Forodha hakuiendesha mwenyewe. Aliikodisha. Kwa miaka mingi mkodishwaji alikuwa Jairam Shivji, Banyani kutoka Kutch, aliyelipa kiasi maalumu kila mwaka kisha akakusanya ushuru kwa faida yake. Seyyid alikuwa na uhakika wa fedha zake, na akibanwa alikopa huko huko. Lakini hesabu za nchi zikawa mikononi mwa mtu mwingine, na deni likawa linakua.

Mwaka 1840 alifanya jambo ambalo halijafanywa na mtawala wa Kiarabu kabla yake: aliituma merikebu yake, Sultana, mpaka New York. Iliongozwa na Ahmad bin Naaman al-Kaabi, ikatia nanga huko mwishoni mwa Aprili ikiwa na tende, kahawa, pembe, karafuu na mazulia. Wamarekani waliitengeneza upya kabla haijarudi.

Karafuu zenyewe ziliingia Unguja mwanzoni mwa karne ile, mbegu zikitokea visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Said aliona faida yake, akawahimiza wenye mashamba wapande. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila penye mnazi mmoja pawe na mikarafuu mitatu, na asiyetii aliweza kunyang'anywa shamba. Mkarafuu unahitaji miaka kama saba kabla ya kuzaa, kwa hiyo aliyepanda alikuwa akipanda kwa imani. Kabla ya karne kufika katikati, Unguja na Pemba zilikuwa zikiongoza dunia kwa karafuu.

Hapa lazima tuseme kweli, hata kama inauma. Mashamba yale yalilimwa na karafuu zilichumwa na watumwa, watu waliotolewa bara kwa nguvu, wakavushwa bahari, wakauzwa. Utajiri ule tunaousifu katika hadithi za wazee ulitoka kwenye migongo yao. Said alisaini na Waingereza mikataba ya kubana biashara hiyo, wa mwaka 1822 na wa mwaka 1845, lakini watumwa wa mashambani walibaki, na utumwa Zanzibar haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897, yeye keshakufa zamani.

Na kosa la pili ni la hesabu. Kila mtu alipopanda karafuu, zikawa nyingi mno na bei ikaporomoka angali hai. Nchi ikawa imeegemea mti mmoja. Mwaka 1872 kimbunga kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na wenye mashamba wengi wakazama kwenye madeni.

Seyyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 ndani ya merikebu yake Victoria, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati kwenda Unguja. Wanawe, Thuwaini wa Omani na Majid wa Zanzibar, wakagombana. Mwaka 1861 Waingereza wakaamua nchi ziwe mbili, Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Maskati iliyokuwa na bandari mbili za bahari mbili ikabaki na upande mmoja, na stima za Wazungu zikaanza kuyanyang'anya majahazi yake kazi.

Leo Omani inazungumzia Dira ya 2040, kupunguza kutegemea mafuta peke yake. Ukitaka kumweleza mwanao kwa nini jambo hilo ni zito, mwonyeshe karafuu moja jikoni, umhadithie ya Unguja: mlango ulivyofunguliwa, nani aliyebeba mzigo, na nini kiliwapata waliotegemea mti mmoja.