Faraday Alijisomesha, Lakini Hakuwa Peke Yake

Elimu ya bure haijapata kuwa tele kama ilivyo leo. Mnamo mwaka wa 2001 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, ilitangaza kwamba ingeweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo, na tangu hapo vyuo vingi vimefuata nyayo hizo. Hata hivyo, mimi nifundishaye isimu chuoni nimewaona wanafunzi wengi waliojaza simu zao vitabu wasivyovifungua. Ndiyo maana naona yafaa tuyarejelee maisha ya Michael Faraday, aliyeelimika kwa vitabu visivyokuwa vyake.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, ambayo sasa ni sehemu ya London. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, na shuleni kijana huyu aliambulia kusoma, kuandika na hesabu za kimsingi tu. Mwaka wa 1804 aliajiriwa awe mtumwaji katika duka la George Riebau, muuzaji na mjalidi wa vitabu. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake kwa muda wa miaka 7.

Kazi yake ilikuwa kuvijalidi vitabu vya watu wengine, na kwa ruhusa ya bwana wake alivisoma. Katika Encyclopaedia Britannica alikutana na makala kuhusu umeme; katika kitabu cha Jane Marcet akajifunza kemia. Hakuyameza tu yaliyoandikwa. Kwa vijisenti vyake alinunua vifaa na kuyajaribu mwenyewe, ajionee kama ni kweli.

Aidha, alisoma kitabu cha Isaac Watts kuhusu kuistawisha akili, naye akayatenda mashauri yake: kuandika muhtasari, kuhudhuria mihadhara, kuandikiana barua na kutafuta wa kujadiliana naye. Tangu mwaka wa 1810 alihudhuria mihadhara ya sayansi ya John Tatum, ambayo kiingilio chake kilikuwa shilingi moja, akilipiwa na kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao. Huko alipata marafiki. Benjamin Abbott aliandikiana naye barua, na kwa barua hizo Faraday akainoa kalamu yake. Edward Magrath alimsahihishia lugha kwa miaka kadhaa. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kumsikiliza mwanakemia mashuhuri Humphry Davy katika Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake, kisha akampelekea Davy kitabu hicho. Mnamo Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya taasisi hiyo. Tarehe 29 Agosti 1831 aligundua jinsi badiliko la usumaku linavyozalisha mkondo wa umeme katika waya. Mitambo inayozungushwa na mvuke wa Olkaria na ile ya mabwawa ya Mto Tana inazalisha umeme kwa kanuni hiyo hiyo.

Lakini tusidanganyane kwamba kujisomesha hakuna upungufu. Faraday hakuwahi kuimudu hisabati ya juu, na nadharia yake ya uga wa sumaku ilimngoja James Clerk Maxwell aivike milinganyo. Hali kadhalika, alipokosa istilahi za uvumbuzi wake katika mwaka wa 1834, alimwendea William Whewell wa Cambridge, aliyezijua lugha za kale. Kwa ushauri huo tukapata maneno ambayo wanafunzi wetu wa kemia huyatamka leo: anodi, kathodi, ioni. Mtu aliyekwisha kuwa bingwa hakuona haya kuuliza.

Naye aliyalipa madeni yake. Kuanzia mwaka wa 1827 hadi 1860 alitoa misururu 19 ya mihadhara ya Krismasi kwa vijana, na mara mbili alikataa kuwa rais wa Royal Society. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Wanafunzi, nawasihi mpunguze kukusanya na mzidishe kutenda. Someni sura moja, funikeni kitabu, iandikeni kwa maneno yenu, kisha mpeni mwenzenu aikosoe. Nanyi walimu wenzangu, msiione simu kuwa mshindani wenu. Vitabu sasa vimo mfukoni mwa wanafunzi wengi. Kinachoadimika ni Magrath, mtu wa kuketi na kijana wiki baada ya wiki akimsahihishia sentensi zake. Tena tukumbuke kwamba hata elimu ya bure ina kiingilio. Kwa Faraday kilikuwa shilingi ya kaka yake. Kwa mtoto wa mkulima kijijini ni data, chaji ya simu na taa ya usiku. Jamii isiyomtolea mtoto huyo kiingilio hicho isijidai kwamba imemfungulia mlango.