Ignaz Semmelweis na Mikono ya Madaktari

Ignaz Semmelweis alizaliwa mjini Buda, Hungaria, tarehe 1 Julai 1818. Alikwenda Vienna kusomea sheria, ila aliiacha mapema akajitosa katika utabibu. Mnamo 1846 alianza kazi ya daktari msaidizi katika Hospitali Kuu ya mji huo.

Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Ya kwanza ilifunza madaktari, ya pili wakunga. Mwaka huo wa 1846, zaidi ya wanawake 11 katika kila 100 walifariki katika wodi ya kwanza. Katika ya pili hawakufika 3. Aghalabu waliuawa na homa ya uzazi, maambukizi yanayojulikana leo kwamba huingia hadi katika damu. Wanawake hawakuhitaji kusomewa takwimu: walipiga magoti wakisihi wasilazwe kwa madaktari.

Machi 1847 rafikiye, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake, aliona madhara yale yale ya homa ya uzazi. Hapo akang'amua. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuwachunguza wanawake. Wakunga hawakupasua maiti. Mwezi Mei akaamuru kila aingiaye wodini anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo, vilivyozidi asilimia 18 mwezi Aprili, vikashuka hadi asilimia 2 hivi mwezi Juni. Machi 1848 hakufa hata mmoja.

Ushahidi alikuwa nao. Kalamu ndiyo hakuishika. Aliwaachia marafiki kumtangazia habari, na wengi wakamwelewa visivyo. Kitabu chake kilitoka 1861, miaka 14 baadaye, kirefu na kilichojaa mabishano. Kwa hakika wakubwa walikuwa na sababu ya kuziba masikio, maadamu kumkubali kulikuwa kukiri kwamba mikono yao iliua. Naye akawaandikia barua za wazi akiwaita wauaji, jambo lililozidi kuwatenga naye.

Mwaka 1865 akili yake ilitetereka. Alipelekwa kwa hila katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Vienna, ambako inaaminika walinzi walimpiga. Jeraha lake likaoza, sumu ikaenea katika damu, akafa tarehe 13 Agosti akiwa na umri wa miaka 47. Siku moja kabla, mjini Glasgow, daktari mpasuaji Joseph Lister, ambaye hakuwa na habari zake, alikuwa amefunga kidonda cha mtoto kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki.