Patrick wa 17 Machi: mtumwa aliyerudi kwa waliomteka

Wadau, kila 17 Machi Waayalandi wanagonga glasi za bia nyeusi na wiski kwa jina la Mtakatifu Patrick. Sasa cheki, jamaa mwenyewe hakuwa wa kwao! Alizaliwa Uingereza. Akiwa na miaka kama 16 hivi, maharamia wa Ayalandi wakamteka, wakamfanya mtumwa wa kuchunga mifugo. Miaka 6! Akatoroka, akafika nyumbani. Halafu akarudi kulekule kwa waliomtesa, safari hii akiwa mhubiri, baadaye askofu, karne ya 5. Mimi? Thubutu!

Mambo ya glasi yamekuja baadaye sana. Tena sheria ya 1927 ilifunga baa kwao siku hiyo, eti sikukuu ya kanisa, zikaja kufunguliwa miaka ya 1960.