Frida Kahlo na Kioo Chake

Katika mji wa Coyoacán, uliokuwa karibu na mji mkuu wa Meksiko, alizaliwa mwaka wa 1907 mtoto wa kike, jina lake Frida Kahlo. Baba yake, Guillermo, alikuwa mtu wa Ujerumani, na kazi yake ilikuwa kupiga picha. Alikuwa na kifafa. Basi mara nyingi Frida alifuatana naye njiani, ili baba akianguka amtunze, tena akilinde chombo cha picha kisiibwe. Naye baba akamfundisha kuzitia picha rangi kwa brashi ndogo.

Alipopata umri wa miaka sita alishikwa na ugonjwa wa kupooza. Alipoinuka kitandani, mguu wake wa kuume ulikuwa umekonda, na watoto wenziwe wakamcheka. Walakini hakurudi nyuma katika masomo. Mwaka wa 1922 akaingia katika skuli kubwa ya serikali, ambamo wasichana walikuwa 35 tu kati ya wanafunzi 2,000. Nia yake ilikuwa awe daktari.

Tarehe 17 Septemba 1925, alipokuwa akirudi nyumbani katika basi, likaja gari la umeme lipitalo juu ya reli, likaligonga basi lile na kulivunja. Chuma cha kushikia abiria kikamchoma Frida nyonga, kikapenya. Uti wa mgongo ulivunjika, na mtulinga, na mbavu, na mguu ule wa kuume ukavunjika mahali kumi na mmoja. Waliomwona walidhani hataishi. Hata baada ya mwezi mmoja katika hospitali ya Msalaba Mwekundu akarudishwa nyumbani, naye kwa miezi mingi alikuwa mtu wa kulala, kiwiliwili kimefungwa plasta ngumu kama gamba la kobe.

Mgonjwa wa namna hii hupotewa na mengi kuliko afya. Madaktari huutazama mfupa wake, jamaa huitazama homa yake, na wageni huzungumza juu yake na hali yeye yupo anasikia. Jina lake husahauliwa, akaitwa mgonjwa tu. Tena Frida alikuwa na miaka kumi na minane, na udaktari aliokuwa akiutamani ulikuwa umekwisha kumponyoka.

Mama yake, Matilde, akaona shida ile. Akamwita seremala, akamtengenezea ubao wa kuchorea uwezao kukaa juu ya kitanda, ili binti achore naye amelala chali. Baba akampa rangi zake za mafuta. Kisha kikatundikwa kioo juu ya kitanda, chini ya pazia lake, na Frida kila alipofumbua macho aliuona uso wake mwenyewe. Akaanza kuuchora.

Picha yake kubwa ya kwanza ya namna hii ni ya mwaka wa 1926. Amevaa vazi la mahameli jekundu, shingo ndefu, mkono mzuri umewekwa mbele. Hakuna plasta wala kitanda ndani yake. Aliichora kwa ajili ya kijana mmoja aliyesoma naye, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kumwacha. Alitaka amkumbuke Frida, si majeraha yake. Akawachora na dada zake na rafiki waliokuja kumtazama.

Kazi hiyo haikuwa na jina la tiba siku zile. Ni mwaka wa 1942, huko Uingereza, ndipo mchoraji Adrian Hill, aliyekuwa amechora alipolazwa kwa kifua kikuu, alipoanza kuiita sanaa ya namna hii matibabu.

Frida aliinuka, akatembea, akaolewa na mchoraji Diego Rivera mwaka wa 1929, na picha zake zikaonyeshwa New York na Paris. Lakini mgongo haukumwacha. Katika picha zake alizochora, zaidi ya 50 ni za uso wake mwenyewe. Baadaye hakuficha tena maumivu. Katika picha ya mwaka wa 1944 mwili wake umepasuka katikati, na ndani yake mna nguzo ya mawe iliyovunjikavunjika. Misumari imemchoma kila mahali, na machozi yanamtoka. Lakini macho yanamtazama mtu sawasawa, wala hayaombi huruma.

Mwaka wa 1950 alilazwa tena muda mrefu, akapasuliwa mgongo mara nyingi. Alipopata nafuu alijichora ameketi katika kiti cha magurudumu, na kando yake picha ya daktari wake, Juan Farill. Ubao wake wa rangi ni moyo wa mtu. Hivyo daktari naye akawa mwenye kutazamwa na kuchorwa, na mgonjwa ndiye mwenye brashi.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1953 picha zake zilionyeshwa peke yake kwa mara ya kwanza katika nchi yake. Madaktari walimkataza kuondoka kitandani. Basi kitanda chake kikatangulizwa mpaka mle chumbani mwa maonyesho, naye akaletwa kwa gari la wagonjwa, akawapokea watu hali amelala, amevaa mavazi yake mazuri. Miezi michache baadaye mguu wa kuume ulikatwa chini ya goti. Akafa tarehe 13 Julai 1954.

Nyumba yao ya Coyoacán, iliyopakwa rangi ya buluu, ikafanywa makumbusho mwaka wa 1958. Kitanda kingali mle, na kioo kiko juu yake.