Sergei Winogradsky: Mtu aliyegundua viumbe wanaoishi kwa gesi ya mayai viza

Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Congo, kuna sehemu ambako maji ya moto yanabubujika kutoka kwenye nyufa zilizo chini ya ziwa. Kutoka Chato hadi huko ni kama kilomita 300 tu kwa mstari ulionyooka.

Kuzunguka nyufa hizo kumetanda utando mweupe, na kwingine wa rangi ya kahawia nyekundu. Ukiuona unaweza kudhani ni uchafu. Kumbe ni viumbe hai wadogo mno, na wanasayansi waliouona waliufananisha na bakteria aitwaye Beggiatoa, ambaye nguvu zake hazitoki kwenye jua wala majani. Zinatoka kwenye gesi inayonuka kama yai viza.

Aliyeeleza kwa mara ya kwanza bakteria huyo anaishije hakuwahi kuliona tundu hata moja la chini ya ziwa. Alifariki mwaka 1953, miaka 34 kabla matundu ya Tanganyika hayajagunduliwa. Jina lake ni Sergei Winogradsky.

Aliacha sheria, akaacha na piano

Winogradsky alizaliwa Septemba 1856 mjini Kiev, leo mji mkuu wa Ukraine. Wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi. Kwao walikuwa na uwezo, na pesa ya shule haikuwa shida. Shida ilikuwa kwamba kijana hakujua anataka nini.

Alianza kusoma sheria, ikamchosha. Akahamia sayansi, nayo akaiacha. Akaenda St. Petersburg kusomea piano kwa Theodor Leschetizky, mmoja wa walimu wakubwa wa piano wa zama zile. Huko pia hakudumu.

Mwaka 1877, akiwa na miaka 21, alirudi kwenye sayansi katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg, na safari hii alitulia. Mwaka 1879 alimwoa Zinaida, na mwaka 1881 akahitimu. Mwaka 1885 alifunga mizigo kwenda Strasbourg, mji uliokuwa mikononi mwa Ujerumani, kufanya kazi kwenye maabara ya Anton de Bary, bingwa wa mimea na kuvu.

Uzi mweupe chini ya hadubini

Huko Strasbourg ndiko alikokutana na Beggiatoa. Ni bakteria anayefanana na uzi mwembamba, anayependa maji yenye salfa. Ndani ya uzi huo kuna chembe ndogo zinazong'aa, ambazo ni salfa yenyewe.

Wataalamu wa wakati huo walijua kwamba palipo na Beggiatoa kuna gesi ya hidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Wengi waliamini kwamba bakteria hao ndio wanaoitengeneza.

Winogradsky hakubishana na mtu. Alichukua nyuzi chache, akaziweka kwenye kioo chini ya hadubini, na kuziangalia siku baada ya siku huku akizibadilishia maji.

Akizipa maji yenye gesi hiyo, zinajaa chembe za salfa. Akizipa maji yasiyo na gesi, chembe zinapungua hadi zinaisha, na kwenye maji inabaki salfeti. Akizidi kuzinyima, zinakufa.

Basi mambo yakawa kinyume na ilivyodhaniwa. Beggiatoa haitengenezi gesi ile. Anaitumia kama kuni. Anaichoma kwa oksijeni na kupata nguvu, na salfa iliyo tumboni ni akiba, kama mkulima anavyoweka mahindi ghalani kusubiri kiangazi.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1887, akiwa na miaka 31. Mpaka hapo, watu walijua njia mbili za kiumbe kupata nguvu: kutumia mwanga wa jua kama mmea, au kula kilichotengenezwa na kiumbe mwingine. Winogradsky alionyesha njia ya tatu, yaani kupata nguvu kutoka kwenye gesi na madini.

Kazi yake inamhusu anayeweka urea shambani

Mwaka 1888 de Bary alifariki, na Winogradsky akahamia Zürich, Uswisi. Huko aligeukia swali linalomgusa kila mkulima: nani anaibadilisha amonia kuwa naitrati udongoni?

Kuwapata bakteria hao kulikuwa kazi ngumu, kwa sababu kwenye chakula cha kawaida cha maabara hawakuota. Winogradsky akaachana na supu na sukari, akawapa maji, amonia, chumvi chache za madini na hewa ya ukaa. Wakaota. Miili yao walikuwa wakiijenga kutokana na hewa ya ukaa, kama mimea, lakini bila jua. Hilo alilitangaza mwaka 1890.

Akagundua pia kwamba kazi hiyo ina zamu mbili. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa naitraiti, la pili linageuza naitraiti kuwa naitrati.

Mkulima wa mahindi au pamba Chato anayeweka urea au samadi anawategemea bakteria hao kila msimu. Na naitrati huoshwa kirahisi na mvua, ikaishia mtoni na ziwani. Hii ni sababu mojawapo ya kushauriwa kuigawa urea kwa awamu badala ya kuimwaga yote siku moja.

Alipoteza vyote, akaanza upya

Mwaka 1891 alirudi St. Petersburg kuongoza idara katika taasisi mpya ya tiba. Huko akampata bakteria wa udongo anayenasa naitrojeni ya hewani. Mwaka 1902 akawa mkurugenzi wa taasisi hiyo, lakini mwaka 1905 aliachana na kazi. Akaenda kuishi kwenye shamba la familia huko Ukraine, na kwa miaka mingi hakufanya utafiti wowote mkubwa.

Kisha yakaja mapinduzi ya 1917 na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Shamba likaenda, mali ikaenda, familia ikawa ya wakimbizi. Mtu aliyekulia kwenye utajiri alijikuta uzeeni hana kwao. Mwaka 1921 alipata kazi ya kufundisha Belgrade.

Mwaka uliofuata, Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa ikamwita. Alikuwa anafikisha miaka 66, umri ambao wenzake wengi wamestaafu. Akapewa maabara Brie-Comte-Robert, karibu na Paris, na akaanza kuchunguza bakteria wakiwa ndani ya udongo wao, wakiishi pamoja, badala ya kuwatenga kwenye vyupa tu. Mwaka 1949, akiwa na miaka zaidi ya 90, kazi zake kuhusu udongo zilitoka katika kitabu kikubwa. Alifariki Februari 1953 akiwa na miaka 96.

Matundu yaliyokuja kumthibitisha

Mwaka 1977 wanasayansi walizama na nyambizi ndogo karibu na visiwa vya Galápagos, kama mita 2,500 chini ya bahari, kwenye giza totoro. Wakakuta minyoo mikubwa na chaza wamejazana kuzunguka matundu ya maji moto. Msingi wa maisha yale ulikuwa bakteria wanaotumia salfa, kwa njia ileile aliyoieleza Winogradsky miaka 90 nyuma.

Miaka kumi baadaye, Aprili 1987, matundu yakapatikana Ziwa Tanganyika, sehemu mbili: Rasi ya Banza na Pemba. Pemba hii ni ya Congo, isichanganywe na kisiwa cha Zanzibar.

Mwaka 1991 wapiga mbizi kumi wa msafara wa Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi walirudi kuyachunguza. Waliyakuta hadi kina cha mita 46, na vipimo vya joto vilikuwa kati ya nyuzi 53 na 103. Rasi ya Banza kulikuwa na mabomba ya mawe yaliyojijenga yenyewe, mengine yana urefu wa sentimita 70. Maji ya hapo yana chumvi, na wanasayansi waliyalinganisha na maji chumvi ya Uvinza, Kigoma.

Utofauti na bahari kuu ni kwamba kwenye kina kifupi mwanga wa jua unafika. Viumbe wa jua na viumbe wa salfa wanaishi jirani kabisa. Na hata Beggiatoa hajakata uhusiano na jua moja kwa moja, maana oksijeni anayoitumia imetoka kwa mimea na mwani.

Na Geita je?

Ziwa Victoria liko katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, tofauti na Tanganyika lililo ndani ya bonde lenyewe. Lakini miamba ya dhahabu ya Geita nayo ilipitiwa na maji ya moto kwenye nyufa, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Maji hayo yaliacha dhahabu pamoja na madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Madini ya aina hiyo yanajengeka hadi leo kwenye matundu ya Pemba.

Mawe yenye madini hayo yakichimbwa na kuachwa juani na mvuani, iwe magwangala au marudio, bakteria wa ukoo huohuo wa kula madini wanayashambulia. Matokeo yake ni maji yenye asidi, mara nyingi ya rangi ya kutu, yanayoweza kubeba metali zenye sumu. Maji ya hivyo si ya kunywa wala kunyweshea mifugo, hata yakionekana yametulia.

Upande wa pili, Ghana na Afrika Kusini bakteria hao wanatumika viwandani kufungua mawe magumu ili dhahabu itoke.

Anayetaka kuwaona kwa macho hahitaji nyambizi. Winogradsky aliacha jaribio rahisi: tope jeusi la ufukweni, vipande vya gazeti, kiini cha yai na maji ya ziwa, vyote kwenye chupa angavu. Iwekwe dirishani kwa wiki kadhaa, mbali na watoto wadogo. Rangi zitaanza kujipanga: nyeusi chini, kisha zambarau na kijani, na juu rangi ya kutu. Kila rangi ni kundi la viumbe wenye namna yao ya kupata nguvu.

Shule nyingi duniani bado zinalifanya jaribio hilo, na linaitwa kwa jina lake.