Maisha ya Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, Mwanachuoni Asiyeogopa Hoja

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ni desturi yetu katika kurasa hizi kuwakumbusha ndugu zetu khabari za wanavyuoni waliotutangulia katika pwani hii, ili vijana wajue kuwa hawakuzuka kama uyoga, bali wana wazee na wana urithi. Mara hii tumemchagua Sheikh Abdulaziz al-Amawy, na tuna sababu ya kumchagua, nayo twaisema kwanza ijapokuwa yatutia haya.

Siku moja katika darsa letu la baada ya Alasiri, hapa Lamu, kijana mmoja aliombwa na mwenziwe amkopeshe fedha kidogo, akakataa. Yule mwombaji akamwita Yahudi. Watu wote wakacheka, na sisi tuliokuwa tukisomesha tukacheka pamoja nao. Na somo la siku ile lilikuwa juu ya kuhifadhi ulimi! Tulipofika nyumbani tulijiuliza: jina la umma mzima, umma waliotoka kwao Musa na Daud na Suleiman, limekuwaje tusi katika vinywa vyetu, na ni nani aliyetufunza hivyo? Tulirudi vitabuni, na katika kusoma tukamkuta Sheikh huyu, tukaona kuwa mwendo wake ni jawabu kwetu.

Sheikh Abdulaziz alizaliwa Barawa katika miaka ya 1830. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa Barawa ni wapi, kwani majahazi yetu na yao yalikwenda na kurudi kwa kila msimu, na lugha yao ya Chimiini ni ndugu wa Kiswahili chetu. Mji ule ulikuwa kisima cha ilimu. Huko ndiko alikozaliwa pia Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyekuja kuwa kadhi mkubwa wa Kishafii Unguja na akafa mwaka 1869. Na kwa Sheikh huyo al-Amawy alisoma. Kijana alikuwa mwepesi wa kufahamu na mwenye bidii isiyochoka. Alikuwa bado mbichi wa umri wakati Sayyid Said bin Sultan alipompa ukadhi wa Kilwa, kazi ambayo wazee wenye mvi huiogopa. Baadaye akahamia Unguja, akawa kadhi huko, na Unguja ndiko alikomaliza umri wake.

Alihudumu katika zama za masultani watano: Sayyid Said aliyefariki mwaka 1856, kisha wanawe Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Msomaji na atazame jambo moja hapa. Watawala hao walikuwa Ibadhi, na Sheikh alikuwa Shafii. Serikali ya Unguja ilikuwa na makadhi wa madhehebu mawili, wakihukumu watu chini ya dola moja. Hakuuacha ushafii wake ili ampendeze mtawala, wala hakuufanya ushafii wake kuwa sababu ya kumvunjia mtawala amana yake. Sayyid Barghash alimwamini hata akamtuma nje ya Unguja kwa mambo ya dola, kwenye nchi za Mto Ruvuma na katika visiwa vya Ngazija. Kadhi akawa pia balozi, na ubalozi hapewi mtu asiyejua kukaa na wasiofanana naye.

Wala hatukusudii kuzipamba zama zile kwa marashi. Zilikuwa na uchungu wake. Sayyid Barghash huyo huyo alimfunga gerezani Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa kwa ajili ya khitilafu za madhehebu, na Sheikh Ali hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888 na Sayyid Khalifa akashika utawala. Waislamu kwa Waislamu, wote wakielekea kibla kimoja, wakafungana kwa ajili ya khitilafu za wanavyuoni! Yatupasa tulikumbuke hili kabla ya kunyoosha kidole kwa watu wa dini nyingine. Mwenye kuzoea kumchukia nduguye kwa tofauti ndogo, hatashindwa kumchukia jirani kwa tofauti kubwa.

Sasa twafika penye kiini cha khabari yetu. Mapadre Wafaransa walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1864 wakaja Waingereza wa misheni iliyoitwa ya Vyuo Vikuu, na miongoni mwao Dokta Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874. Watu wa mji waliwatazama kwa shaka, na shaka ile haikuwa ya bure. Nyuma ya msahafu wao ilikuwako manowari. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa kwa nguvu za Waingereza, na kanisa kubwa likaanza kujengwa papo hapo Mkunazini palipokuwa soko. Kulifunga soko lile kulikuwa ni kheri, nasi hatuoni haya kusema hivyo; lakini watu waliona dini ngeni na dola ngeni zikiingia kwa mlango mmoja.

Je, Sheikh Abdulaziz alifanya nini? Steere alikuwa akijifunza Kiswahili kwa bidii, akitaka kukiandikia kitabu cha kanuni zake. Kitabu hicho alikipiga chapa mwaka 1870, na katika dibaji yake akaeleza kuwa Sheikh alijitolea mwenyewe, bila ya kulazimishwa, kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Kazi ile haikwenda mbali. Shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno, cha wanavyuoni, kisichofaa kwa wanafunzi wa kawaida ambao Steere aliwakusudia. Lakini Mwingereza yule hakuuficha wema aliotendewa. Aliushukuru mbele ya watu wa kwao, kwa kalamu yake mwenyewe.

Na tulipime jambo hili vizuri. Kadhi wa Waislamu akamsaidia kasisi kukitia kitabu katika lugha ya Waislamu! Leo angalifanya hivyo mmoja wetu, tungalimsema barazani usiku kucha, na asubuhi tusingalimjibu salamu. Lakini Sheikh aliijua dini yake. Alijua kuwa Zaburi ni kitabu alichopewa Nabii Daud, na kuwa kumwamini Daud ni katika nguzo za imani yetu. Alijua kuwa Daud ni mtu wa Bani Israil. Mwislamu mwenye kuijua imani yake hawezi kuudharau ukoo ule wote bila ya kuwadharau Mitume anaowasalia. Twaitakidi kuwa vitabu vya mwanzo vimeingiliwa na mikono ya watu. Hilo ni la itikadi yetu nasi hatulifichi. Lakini kuitakidi hivyo ni kitu kimoja, na kumtukana mtu kwa nasaba yake ni kitu kingine, na mipaka baina ya mambo mawili haya ndiyo tuliyoipoteza.

Wala asidhani msomaji kuwa Sheikh alikuwa mlegevu, mwenye kusema kila dini ni sawa. La. Alikuwa akijadiliana na wamishenari hao hao, akiitetea tauhidi na kuyakanusha maneno ya Utatu, na hakuna aliyemtoa mwenziwe katika dini yake. Alijadiliana nao kwa ilimu, na alikuwa na ilimu nyingi ya kujadilia: fiqhi, lugha, mantiki na tauhidi. Qurani imetuamrisha kujadiliana na watu wa Kitabu kwa njia iliyo nzuri zaidi, naye aliichukua amri ile kama amri na si kama pambo la khutba. Mwenye hoja hana haja ya tusi. Tusi ni fimbo ya mtu aliyeishiwa na maneno.

Twapenda kusema kweli pia juu ya yale tusiyokubaliana naye. Sheikh alikuwa mtu wa tarika ya Kadiriya, na wasomaji wa kurasa hizi wajua rai yetu juu ya baadhi ya mambo ya tarika. Hatuirudii hapa. Twaitaja ili ijulikane kuwa kumheshimu mtu si sharti kukubaliana naye kwa kila jambo. Kama sisi twaweza kumrehemu Sheikh wa dhikri na kujifunza kwake, naye aliweza kukaa na kasisi na kumfaa, basi ni upungufu gani huu wa kuwa watu wa mitaa miwili ya Lamu hawaamkiani kwa sababu ya maulidi?

Mwaka 1891 Sheikh aliacha kazi ya ukadhi, na mwanawe Sheikh Burhan akakishika kiti chake. Aliishi hata akaiona Unguja ikiingia chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, na akafariki mwaka 1896. Yule askofu alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1882. Na tusisahau kuwa mwana wa mfungwa yule wa Barghash, yaani Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, ndiye aliyekuja kuanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Aliwajibu wamishenari kwa karatasi na wino, na akawahimiza Waislamu wajifunze yaliyo mema hata kwa wasiokuwa wa dini yao. Njia ni ile ile moja.

Haya ndiyo maisha ya Sheikh. Sasa na turudi kwetu.

Mwaka 2002 alifika Siyu, katika kisiwa cha Pate, mtu mgeni mwenye ilimu kidogo na ulimi mtamu. Watu wakamkaribisha kama ilivyo ada yetu. Alioa, akafundisha watoto, akawaanzishia vijana timu ya mpira. Jina alilotumia halikuwa lake. Alikuwa Fazul Abdullah Mohammed, aliyeuawa Mogadishu mwaka 2011, na alikuwamo katika njama ya Kikambala. Tarehe 28 Novemba 2002, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, hoteli ya Kikambala iliripuliwa kwa kuwa ya Mayahudi na wageni wake ni Mayahudi. Walikufa watu 13 mbali ya wauaji: Wakenya 10, na Waisraili 3, wawili kati yao ni watoto. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa pwani hii, waliokuja kuwapokea wageni kwa ngoma. Chuki iliyoelekezwa kwa Yahudi ikamwua jirani. Na mwaka 2014, mwezi wa Juni, huko Mpeketoni katika wilaya yetu hii, watu zaidi ya 60 waliuawa kwa siku mbili, na wanaume wakiulizwa dini zao kabla ya kuuawa. Sisi hatusemi kuwa kicheko cha darsani ndicho kilichoua. Twasema kuwa mbegu ya chuki haioti penye jiwe. Hutafuta udongo uliokwisha kulimwa. Na mgeni wa Siyu, ni nani aliyemlimia?

Atasema msemaji: Na Palestina je? Twajibu: dhulma waliyofanyiwa watu wa Palestina tangu mwaka 1948, kutolewa katika nyumba zao na mashamba yao, ni dhulma, nasi twaikataa kwa jina lake. Lakini mdhulumu ni aliyedhulumu. Mtoto wa Kiyahudi hakuandikiwa dhambi hiyo tumboni mwa mamake. Katika Sura ya Maida Mungu ametukataza chuki ya watu isituvute tukaacha uadilifu. Na wafasiri wametupokelea kuwa katika Madina mtu mmoja katika Waislamu aliiba deraa, kisha wizi ule akasingiziwa Yahudi, na jamaa za mwizi wakasimama kumtetea mtu wao. Zikashuka aya katika Sura ya Nisaa kumtakasa Yahudi na kuwakemea waliomtetea mwizi. Aya hizo twazisoma katika Sala mpaka Kiyama. Aidha imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimama lilipopita jeneza la Yahudi. Alipoambiwa ni la nani, akawakumbusha kuwa naye pia ni nafsi.

Basi tumekata shauri katika darsa letu. Jina la Yahudi halitatumiwa kuwa tusi, wala jina la Nasara, wala kabila la mtu, wala kijiji chake. Kijana atakayelitumia ataulizwa awataje Mitume watano wa Bani Israil, kisha aseme ni yupi kati yao aliyemkusudia. Na sisi tuliocheka siku ile tumemtaka radhi kijana aliyetukanwa, mbele ya wenziwe wote. Twawaomba walimu wa vyuo vya Lamu, Matondoni, Shela, Pate, Siyu na Faza watusaidie katika hili, kwani mtoto husema analosikia kwa mwalimu wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdulaziz, na wanavyuoni wote wa pwani yetu, walioafikiana na waliokhitilafiana. Atupe ilimu yenye manufaa na ulimi wenye adabu. Na atuondolee hofu ile inayomfanya mtu amchukie asiyemjua. Amin.